Msidharau Ukuta wa Tope

Leo nataka tuzungumzie kuta. Naam, kuta. Mhariri mmoja aliwahi kuniambia kwamba msomaji wa mjini hawezi kumaliza makala ndefu juu ya ukuta, tena ukuta wenyewe wa tope, labda uwe umemwangukia mtu. Ndiyo raha ya kuwa na blogu: hapa hakuna mhariri. Vuta kiti, ndugu msomaji, twende taratibu.

Kuna kaneno kamoja katika Kiswahili chetu kananiudhi sana. Ni hako ka "tu." Nyumba ya tope tu. Kanisa lenyewe la zamani lilikuwa la tofali bichi tu, tukalivunja. Mnayasikia haya kila siku. Mtu akija na fomu zake kuhesabu kaya, anauliza kuta zako ni za nini, na ukisema tofali bichi au miti na udongo unajua umeshaingizwa kwenye safu ya wanyonge. Sibishani na mvua za masika, zina nguvu zake. Ila kutoka "ukuta huu haufai kuishi" mpaka "ukuta huu hauna la kutuambia" ni safari ndefu, na sisi tunairuka kwa hatua moja.

Kwa hiyo nawapeleka Sudan, kwenye nchi ya Wanubi, ambako tope hilo hilo limewalazimisha wanahistoria kuandika upya kurasa nyingi.

Dongola ya Kale ipo ukingo wa mashariki wa mto Nile, kaskazini mwa Sudan. (Usiichanganye na mji wa Dongola wa leo, huo upo ukingo wa pili, mbali kidogo ukiufuata mto unakoelekea.) Hapo palikuwa makao makuu ya Makuria, ufalme wa Kikristo uliopokea dini hiyo katika karne ya 6 na kuendelea nayo kwa zaidi ya miaka 700. Umesoma sawasawa. Ufalme wa Kiafrika, wenye wafalme wake, maaskofu wake, lugha yake iliyoandikwa kwa alfabeti yake, Kinubi cha Kale, wakati ambapo nchi kadhaa za Ulaya ya kaskazini zilikuwa bado hazijabatizwa.

Sisi tuliosoma historia sekondari tulikaririshwa mawakala wa ukoloni: wapelelezi, wamisionari, wafanyabiashara. Krapf anafika Mombasa 1844. Mapadri wa Roho Mtakatifu wanafika Bagamoyo 1868. Unajibu mtihani, unapata alama zako, na kichwani mwako Ukristo wa Afrika unabaki umeshuka kutoka melini. Ethiopia inatajwa kama kioja cha pembeni. Nubia, kwa darasa nililokaa mimi, haikutajwa hata siku moja. Kumbe mwaka 652 jeshi la Waarabu kutoka Misri lilipouzingira mji wa Dongola lilikuta Wakristo tayari wako ndani, tena wenye wapiga upinde hodari hata Waarabu wakawapa sifa ya watu wanaolenga mboni za macho. Vita iliishia kwenye mapatano yaliyoitwa baqt, na mapatano hayo, pamoja na kukiukwa huku na huko, yakawa ndiyo msingi wa ujirani wao kwa karne nyingi.

Haya yote tungeyajuaje? Sehemu tumeyapata kwa waandishi Waarabu. Lakini waandishi hao walikuwa wakiangalia kutoka nje. Ukitaka kumsikia Mnubi mwenyewe inabidi uende kwenye kuta zake, na kuta zake nyingi ni tofali bichi: udongo wa mto Nile, mabua yaliyokatwakatwa, maji, kalibu, jua. Basi.

Wapolandi wamekuwa wakichimba Dongola ya Kale tangu 1964, kupitia kituo cha akiolojia ya Mediterania cha Chuo Kikuu cha Warsaw. Mwaka 2021 kikosi chao, kikiongozwa na Artur Obłuski, kilitangaza kuwa katikati ya ngome ya mji kimekuta ukuta wa nusu duara, upana wake mita 6, umepakwa picha za watu wakubwa waliosimama katika safu mbili, picha za mwanzoni mwa karne ya 10. Hiyo ilikuwa sehemu ya altare ya kanisa, na kwa vipimo vile linakuwa kanisa kubwa kuliko yote yanayojulikana Nubia. Walipotoboa ardhi kupima kina, wakaona linashuka kama mita 9. Yaani jengo la kimo cha ghorofa tatu limefukiwa limesimama, na juu yake watu wamejenga, wamepika, wamezaa na wamezikana.

Mwaka 2023 likaja la pili, na hili ndilo lililonifanya nikae kwenye kompyuta mpaka saa nane za usiku. Walikuwa wanachunguza nyumba za enzi za dola ya Wafunji, kati ya karne ya 16 na ya 19, nyumba za kawaida kabisa za raia. Chini ya sakafu ya moja kukawa na tundu. Tundu likawaingiza kwenye chumba kidogo, na chumba kikawa kimoja kati ya vingi, vyote vya tofali la kukaushwa juani, vingine vimeezekwa kwa matao na kuba za tofali hilo hilo. Kuta zimejaa picha. Bikira Maria ameshika msalaba na kitabu. Kristo anabariki. Na ukuta wa kaskazini una picha ambayo haijawahi kuonekana mahali pengine Nubia: mfalme wa Makuria ameinama mbele ya Kristo aliyeketi mawinguni, anambusu mkono, na nyuma yake malaika mkuu Mikaeli amekunjua mabawa yake kuwafunika wote wawili.

Pembeni mwa picha kuna maandishi. Yanamtaja mfalme Daudi, tena zaidi ya mara moja, na yana maombi kwa Mungu aulinde mji.

Sasa huyu Daudi si mgeni kwa wanahistoria. Mwaka 1272 jeshi lake liliishambulia Aidhab, bandari ya Bahari ya Shamu, na baadaye likaigeukia Aswan. Sultani Baybars wa Misri hakulaza damu. Mwaka 1276 jeshi lake likaingia Dongola na kuupora mji. Watafiti wakapendekeza kwamba huenda maneno yale yaliandikwa wakati jeshi la Wamamluki liko njiani, au limeshafika chini ya ngome. Hiyo ni dhana, nami naichukulia kama dhana. Lakini hebu fikiria: vitabu vya Misri vilishatueleza habari ya ushindi. Ukuta wa tope unatueleza hofu ya upande wa pili, kwa lugha yao wenyewe, kutoka chumba ambacho mpaka leo hakijulikani kilikuwa cha kazi gani. Kinafanana na vile vyumba vya chini ya makanisa, ila kipo mita 7 juu ya usawa wa ardhi ya zama zile. Nani anajenga chumba cha namna hiyo huko juu, karibu na kanisa kuu, na kumchora mfalme wake amejificha kwenye mabawa ya malaika?

Hapo ndipo ninapotaka tuukaribie ukuta wenyewe, maana wengi wakisikia akiolojia wanawaza picha, dhahabu na mafuvu. Ukuta mtupu nao unasomwa, na hauhitaji uchawi. Mchukue fundi mwashi yeyote wa mtaani kwako umsimamishe mbele ya nyumba ya zamani. Nusu ya kazi ataifanya.

Atakwambia: angalia kona. Kama kozi za matofali zimeshikana, moja imeingia huku na nyingine kule, basi kuta hizi mbili zilipanda siku moja. Kama kuna mfuo umenyooka wima kutoka chini mpaka juu, huyu wa pili aliegeshwa baadaye. Atakwambia angalia ukubwa wa tofali. Kalibu ikibadilika, ujue fundi amebadilika, au kizazi kimebadilika. Ukiona mahali matofali ni mafupi na yamepangwa kwa namna yake, yamezungukwa na mengine, hapo palikuwa na mlango ukazibwa. Na mlango ukizibwa kanisani kuna sababu. Labda ukuta ulishaanza kuelemewa. Labda ibada ilibadilika na watu hawakupaswa tena kupita upande ule.

Mwanaakiolojia anaongeza yake. Anachukua bua lililomo ndani ya tofali, analipeleka maabara, kaboni yake inasema bua lilivunwa karibu na lini. Hili tofali la kuchoma haliwezi kukupa kirahisi, kwa kuwa moto umeshakula mabua yote! Tofali bichi limeyatunza. Anatafuta pia vigae vya vyungu, maana udongo wa kufyatulia mara nyingi ulichotwa penye jalala la zamani, ukaja na vigae vyake. Hapa inabidi uwe mwangalifu. Kigae kilichomo ndani ya tofali hakisemi ukuta ulijengwa lini. Kinasema ukuta hauwezi kuwa wa kabla ya chungu hicho. Tofauti hiyo ndogo imewaangusha wengi.

Halafu kuna lipu. Huko Nubia walikandika kwa tope, wakapaka chokaa nyeupe juu yake, wakachora ikiwa imekauka. Miaka ikipita, picha inachakaa au askofu mpya anataka yake, wanapaka tabaka jingine juu na kuchora upya. Ukikata kipande kidogo na kukiweka chini ya hadubini unahesabu tabaka kama unavyohesabu makoti ya rangi kwenye mlango wa duka la zamani pale Kariakoo. Moshi wa taa umeacha weusi kati ya tabaka na tabaka. Mikono ya watu imeacha ulaini mahali walipozoea kugusa.

Na kuna waliokwangua majina yao. Msicheke, na wenyewe walikuwa watu kama sisi. Banganarti, mahali si mbali na Dongola ukipandisha mto, kuna kanisa la malaika mkuu Rafaeli ambalo kuta zake zina maandishi ya mahujaji yanayokaribia elfu moja. Mengi yanakwenda kwa mtindo mmoja: mimi fulani, mtumishi wa fulani, naomba hiki. Mmoja wao hakuwa Mnubi kabisa. Aliandika kwa lugha ya Provence, kusini mwa Ufaransa. Alifikaje huko, na alirudi kwao? Ukuta umetunza salamu yake tu. Kwenye kuta nyingi za Nubia utakuta pia herufi tatu za Kigiriki ambazo kwa hesabu zao ni 689. Ni jina la Mikaeli kwa fumbo: ukichukua herufi za jina lake na kujumlisha thamani za kila moja, unapata 689. Mtu asiyeweza kuandika sala nzima aliandika namba, akaamini malaika ataelewa. Nasi wa pwani tunao ndugu zake, wale waliochora majahazi kwa ncha kali kwenye lipu ya kuta za Kilwa na Gedi.

Kufikia hapa naona nitofautiane na baadhi ya wapenzi wa makale. Kuna watu, na wengine ni wasomi, ambao wakipata jengo la zamani wanataka "kulirudisha lilivyokuwa." Wanakwangua. Lipu ya karne ya 18, toa. Kibanda kilichoegeshwa, toa. Mihrabu ndani ya jengo la Kikristo, toa. Wanatafuta ukuta safi, wa siku ya kwanza. Mimi nasema hakuna ukuta wa siku ya kwanza. Ukuta ni yote yaliyoupata.

Na Dongola ndiyo shahidi wangu. Pale mjini kuna jumba la ghorofa linaloitwa ukumbi wa kiti cha enzi cha wafalme wa Makuria. Mwaka 1317 liligeuzwa msikiti. Jiwe lenye maandishi ya Kiarabu linataja tukio hilo. Watu waliendelea kuswali humo mpaka 1969. Jumlisha mwenyewe: zaidi ya miaka 650. Jengo lile limesimama hadi enzi zetu kwa sababu Waislamu wa Dongola walilitumia, walilikandika, waliliziba palipobomoka. Majengo ambayo hayakupata wa kuyatumia yamekwenda na upepo, yamekwenda na mchwa, ambao huko wanakula mabua ndani ya tofali kama wanavyokula paa la bibi yako. Vile vyumba vya mfalme Daudi navyo, je? Vimekaa chini ya sakafu za Waislamu waliojenga nyumba zao juu. Sidhani walikuwa wanatunza sanaa ya Kikristo. Walikuwa wanatafuta pa kulala. Matokeo yakawa yale yale, picha zimefika.

Kwa hiyo yule kijana wa kwenye vijiwe vya intaneti anayetangaza kila siku kwamba Ukristo ni dini ya wazungu, ukuta huu haumfai. Na yule anayesema Sudan ilikuwa nchi ya Kiarabu tangu kuumbwa kwa dunia, naye haumfai. Hata yule wa upande wangu anayetaka kusema "mnaona, palikuwa petu, wakatunyang'anya," akae chini kwanza. Aliyezifunika picha zile ndiye aliyezihifadhi.

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Kuta hizi zikishasomwa, zikae wapi?

Nubia ilishawahi kujibu swali hili kwa haraka mno. Misri ilipojenga Bwawa Kuu la Aswan, ziwa lilikuwa linakuja kumeza bonde zima, na miaka ya mwanzo ya 1960 mataifa yakakimbilia kuokoa. Wengi tunajua habari za Abu Simbel, hekalu lililokatwa vipande na kuinuliwa. Makanisa ya tofali bichi hayakupata bahati hiyo. Huwezi kulipandisha winchi tofali linaloyeyuka. Pale Abdallah Nirqi, karibu na Abu Simbel hiyo hiyo, Waholanzi walichimba kanisa la matofali mabichi, wakabandua picha, zikapelekwa Makumbusho ya Kikopti ya Cairo. Kanisa likabaki kusubiri maji.

Faras ndiyo kisa kikubwa zaidi. Kazimierz Michałowski na Wapolandi wenzake walichimba kilima kati ya 1961 na 1964, ndani yake wakakuta kanisa kuu limejaa mchanga mpaka juu, na mchanga umezitunza picha zaidi ya 100. Palikuwa na jiwe la msingi la mwaka 707, enzi za askofu Paulos. Palikuwa na orodha ukutani, maaskofu 27 kwa majina, iliyosaidia sana kupanga miaka ya picha. Alikuwamo askofu Petros, wa mwishoni mwa karne ya 10, uso wake mweusi wa Kinubi kabisa, na nyuma yake mtume Petro amemwekea mikono mabegani. Wale mnaodai hatukuwahi kuchorwa kanisani kabla ya juzi, mtafuteni huyo.

Namna ya kuzibandua ilikuwa hivi: karatasi nyembamba ya Kijapani juu ya picha, nta ya nyuki iliyochanganywa na ulimbo, pasi ya moto ikipita kuibandika, kisha msumeno nyuma ya lipu. Nusu ya picha zikaenda Khartoum, nusu Warsaw, kwa makubaliano na serikali ya Sudan. Haukuwa wizi, na ni vizuri tuseme hivyo, kwa kuwa tuna wizi wa kweli wa kutosha wa kulalamikia. Mafundi wamehangaika miaka mingi kuiondoa ile nta. Lakini la kwangu ni jingine. Waliokoa picha, ukuta ukazama. Ile mifuo ya wima, milango iliyozibwa, kona zilizoshikana na zisizoshikana, vyote vipo chini ya ziwa. Leo mtu akiwa na swali jipya juu ya kanisa lile hawezi kwenda kuuliza. Atauliza daftari za Michałowski na picha za kamera, na daftari hujibu yale tu yaliyoulizwa siku ile. Mabwana wale hawakuwa na muda, maji yalikuwa yanakuja, siwalaumu. Nasema tusiuchukue mfano wa dharura tukaufanya ndio utaratibu.

Maana mbanduaji yupo siku zote, na hoja yake ni nzuri masikioni: ondoeni picha, pelekeni makumbusho, zitakuwa salama. Vita vya Sudan vilipolipuka tarehe 15 Aprili 2023, siku chache tu baada ya habari za vyumba vile kutangazwa, Makumbusho ya Taifa ya Khartoum yakaangukia mikononi mwa wapiganaji wa RSF. Jeshi lilipoirudisha Khartoum mwezi Machi 2025, dunia ikaona picha za kumbi zilizoporwa. Jengo la saruji, katikati ya mji mkuu, lenye geti na walinzi. Nawajua watakaojibu, "basi ungepelekwa wote Warsaw." Ndugu zangu, mji wa Warsaw ulibomolewa karibu wote mwaka 1944. Hakuna mji ulioandikiwa amani ya milele, na mimi sitakubali hoja kwamba kitu cha Mwafrika kina usalama mahali popote isipokuwa kwao.

Ninachoona kilikuwa sahihi ni njia iliyokuwa ikifuatwa Dongola kabla ya risasi. Mradi wao uliitwa UMMA, jina lililotokana na herufi za maneno ya Kiingereza, ila kwa masikio yetu linakaa mahali pake kabisa. Wanakijiji wa jirani hawakuwa wabeba mchanga peke yao. Kulikuwa na mazungumzo nao juu ya mahali hapo patakuwa nini kesho. Mafundi wa kuhifadhi picha walifanya kazi kwa spidi lakini ukutani, picha ikibaki juu ya tofali lake. Ukuta kwao, walinzi wakiwa wenyeji wanaojua unachosema. Ni ghali, ni polepole, hauleti picha nzuri ya waziri akikata utepe.

Huku kwetu je? Sina maana ya kulinganisha kanisa la misheni la miaka 100 na Dongola. Lakini makanisa ya kwanza ya matofali mabichi yapo, na misikiti ya udongo ipo, na majumba ya tembe yapo, na kila mwaka harambee inafanyika ili livunjwe la zamani lipande jipya la vigae na madirisha ya alumini. Siwezi kumwambia mzee wa kanisa aache kujenga. Waumini wamekuwa wengi, paa linavuja, ana haki yake. Ninachomwomba ni kazi ya siku tatu kabla ya nyundo. Wapigie watu wa chuo kikuu chenye idara ya akiolojia, wanafunzi wanatafuta mahali pa kujifunzia. Piga picha kila ukuta, ndani na nje, jua likiwa chini upande mmoja ili mikwaruzo ionekane. Pima. Chukua matofali machache mazima, yenye mabua yake, uyaweke stoo pakavu na uandike yametoka ukuta upi. Umwite bibi aliyeolewa humo aseme mlango huu ulizibwa lini, na kwa nini. Gharama yake haifiki bei ya spika moja ya hizo mnazofunga.

Kuhusu lile kanisa kuu la Dongola, sehemu kubwa yake bado imelala chini ya zile mita 9, na kuna watu wana hamu, vita ikitulia, lichimbuliwe lote tulione. Hamu hiyo ninayo pia. Lakini nikiulizwa, ningesema lifukuliwe kipande kimoja kimoja, kila kipande kikiwa na paa lake, fundi wake na mshahara wa mlinzi wake wa miaka 10 umeshatengwa, na penginepo mchanga usiguswe. Nyumba za Wafunji zilizo juu zichorwe ramani tofali kwa tofali kabla hazijaguswa, maana nazo ni tope, na nazo zina wenyewe.